Kijani ya uongo: namna ya kujaribu programu yenye inasoma milisho



Kila mara nikisema mbele ya watu kama ninajifunza kutengeneza programu, swali linakuwaka paka moja: "Wewe agronome, mu mambo ya kode unatafuta nini?" Sikasiriki. Leo nitajibu hapa, tena kwa urefu kidogo. Mu fakilte ya agronomia tulifundishwa kitu kimoja zaidi ya vingine vyote: kufanya jaribio. Namna ya kulipanga, namna ya kuhesabu matokeo, na zaidi sana namna ya kujua kama jaribio lenyewe linatudanganya. Wale wenye kutengeneza programu nao wako na majaribio yao, wanaitaka testi. Na testi ya programu inaweza kudanganya sawa vile parseli yenye ilipangwa vibaya inadanganya. Hiyo njo nataka kueleza, kwa mfano wa programu ndogo yenye kila mmoja wetu anaweza kutumia: kisomaji cha milisho.

Mlisho ni nini? Sisi wenye tulisoma Kifaransa tunasemaka "flux". Kwa Kiswahili cha kompyuta wanasema mlisho, na mimi niliposikia hilo neno mara ya kwanza nilifikiri ng'ombe na majani ya tripsacum. Si mbali sana, kweli. Ni faili ya maandishi yenye tovuti inaweka kando ya kurasa zake. Ndani hamna picha kubwa wala matangazo ya biashara. Muna orodha ya mambo mapya tu: kila jambo na kichwa chake, linki yake, tarehe yake, na mara nyingi maneno machache ya kufupisha. Programu ya kusoma milisho inaenda kuchukua hizo faili ku tovuti kumi, makumi mawili, inakuwekea yote pahali pamoja. Badala ya kufungua tovuti makumi mawili na kumaliza mega zako zote, unavuta faili ndogo ndogo tu.

Namna hiyo inaitwa RSS. Ilitoka kwa Netscape mu mwaka 1999. Dave Winer akatoa RSS 2.0 mu 2002. Mu 2005 ikaja ndugu yake yenye inaitwa Atom. Google ilikuwa na kisomaji chake, Google Reader, ikakifunga tarehe 1 Julai 2013, na watu wengi wakasema RSS imekufa. Haikufa. Podikasti zenye munasikiliza ku telefone zinapita mu RSS mpaka leo. ReliefWeb, ile tovuti ya Umoja wa Mataifa yenye kila lisansie wa Kivu anaijua juu ya matangazo ya kazi, inatoa milisho ya RSS. Mtu mwenye anatafuta kazi na hana pesa ya kununua forfe kila siku, hiyo ni dawa.

Sasa muone kwa nini testi ni jambo la maana. Mu kikundi chetu cha watu nane, mmoja alikuwa ametuwekea kisomaji kidogo cha milisho: matangazo ya kazi, bursi za masomo, habari za kilimo. Kila mtu alikuwa anafungua asubuhi, anasoma vichwa, anafunga. Siku moja tovuti moja ya bursi ilibadilisha adresi ya mlisho wake. Kisomaji hakikulia, hakikuandika kosa lolote. Kiliendelea kuonyesha vichwa vyenye kilikuwa kimeweka mbele, kila kimoja na linki yake, vizuri kabisa. Wiki tatu zikapita. Dada mmoja wa promosio yetu, mwenye alikuwa na relve zake zimelegalizwa na barua mbili za maprofesa mkononi, alikuja kujua kama bursi ya masta mu fani yake kabisa ilikuwa imefunguliwa, na imefungwa siku nne mbele. Hakuna mtu wa kulaumu. Programu ilionyesha chenye ilikuwa nacho. Lakini mwaka moja wa yule dada ulienda.

Basi, mtu anaweza kusema: kama programu ingefanyiwa testi, hiyo haingetokea. Nami ninajibu: inategemea ni testi gani. Tuchukue mfano wenye unajulikana.

Udacity, ile shule ya intaneti ya Marekani yenye ilianza mu 2011, ilikuwa na zoezi moja kwa wanafunzi wake wa programu za wavuti. Wanakupa kisomaji cha milisho chenye kimeisha kutengenezwa. Kiko na orodha ya milisho mine, menyu yenye imejificha pembeni, na pahali pa kuonyesha habari. Kazi yako si kutengeneza programu: ni kuandika testi zake. Kifaa cha kuandikia ni Jasmine, yenye ilitoka mu 2010 kwa ajili ya lugha ya JavaScript. Jasmine inasomeka karibu sawa na maneno ya mtu: unaeleza kitu gani unajaribu, unasema kinapashwa kufanya nini, kiisha unaandika unatarajia kuona nini. Ukifungua ukurasa mu navigateri, Jasmine inafanya testi zote moja kwa moja bila wewe kufinya kitu. Yenye imepita inakuwa kijani. Yenye imeanguka inakuwa nyekundu, na inakuambia ilitarajia nini na ilikuta nini.

Zoezi linaomba nini? Kwanza, orodha ya milisho ikuwe pale na isikuwe tupu. Pili, kila mlisho ukuwe na adresi na jina. Tatu, menyu ijifiche mu mwanzo, itokee ukifinya alama yake, ijifiche tena ukifinya mara ya pili. Inne, programu ikiisha kuvuta mlisho, ku ekrani kukuwe angalau habari moja. Tano, ukichagua mlisho mwingine, habari za ku ekrani zibadilike. Ni hayo tu.

Testi ya kwanza wanakupa imeisha kuandikwa. Na pembeni yake kuna maneno yenye wanafunzi wengi wanarukaka: wanakuambia mbele ya kuendelea, enda mu programu, ondoa milisho yote mu orodha, kiisha ufungue ukurasa tena uone kitatokea nini. Ni kusema: iue programu kwa mkono wako, uone kama testi italia.

Agronome akisoma hapo anacheka peke yake. Juu tunafanyaka vile vile. Wenye walipita mu laboratware ya mbegu wanajua testi ya tetrazolium: unakata mbegu, unaiweka mu ile dawa, na sehemu zenye uzima zinageuka nyekundu. (Huko nyekundu njo uzima, kwa Jasmine nyekundu njo kifo, musichanganye.) Ili kuamini dawa yako, unachukua mbegu chache, unazichemsha mpaka zife kabisa, unaziweka pamoja na zingine. Zenye zimechemshwa zikigeuka nyekundu nazo, hauna testi, uko na rangi tu. Mu shamba ni parseli shahidi, ile haupatii mbolea. Bila hiyo, mahindi yakipanda vizuri utasema ni mbolea, na kumbe ilikuwa mvua.

Testi ya programu yenye haujaiona ikianguka hata mara moja, kwangu mimi ni mbegu zenye hazina zile za kuchemshwa pembeni. Inaweza kuwa kijani juu programu ni nzima. Inaweza pia kuwa kijani juu haiangalii kitu. Kwa macho, hizo kijani mbili zinafanana.

Tuchukue adresi ya mlisho. Jasmine iko na neno moja, toBeDefined, lenye maana yake "kitu hiki kiko". Mtu anaandika: ninatarajia adresi ya kila mlisho iko. Kijani. Lakini adresi yenye ni maneno matupu, alama mbili za kufungua na kufunga bila kitu katikati, nayo "iko". Hata null, yenye mu JavaScript maana yake "hakuna kitu", kwa toBeDefined iko. Njo maana zoezi linaomba mambo mawili: adresi ikuwe, na isikuwe tupu. Ukiangalia la kwanza tu, mtu anaweza kufuta adresi zote mine akaacha alama peke yake, na testi yako itabaki inacheka.

Kuna ingine mbaya zaidi. Ile programu inatumia jQuery, maktaba ya JavaScript yenye inasaidia kutafuta vitu mu ukurasa. Unaiambia: nitafutie habari zote zenye ziko ku ekrani. jQuery inakuletea kikapu. Kama kuna habari kumi, kikapu kiko na kumi. Kama hakuna hata moja, jQuery inakuletea kikapu kitupu, lakini inakuletea kikapu! Sasa ukiandika "ninatarajia kikapu kiko", testi itakuwa kijani siku zote za uzima wake, hata tovuti zote za dunia zizimike. Unapashwa kuhesabu chenye kiko ndani: urefu wa kikapu ukuwe zaidi ya sifuri. Tofauti ni neno moja mu kode. Na hautaitambua kwa kusoma, juu kwa macho maneno yote mawili yanaonekana ya akili. Utaitambua siku utavunja programu kwa kusudi na kuona testi inaendelea kucheka.

Lakini pahali pa hatari kuliko zote ni wakati, na hapa nitakaa kidogo.

Programu ya kawaida inafanya jambo la kwanza, inamaliza, inaenda ku la pili. Kuvuta mlisho si vile. Programu inatuma mtu sokoni, tuseme, na haimungojei: inaendelea na kazi zake. Mtu akirudi na mfuko, inapokea. Mu kile kisomaji, fonksio ya kutuma mtu inaitwa loadFeed. Unaipatia namba ya mlisho, na ukipenda unaipatia pia kazi ya kufanya mtu akiisha kurudi.

Sasa fikiri testi yenye inamutuma mtu sokoni, na maneno "ninatarajia" yameandikwa ndani ya ile kazi ya kufanya akirudi. Jasmine inasoma testi mpaka mwisho. Mtu angali njiani. Jasmine inaona testi imefika mwisho, hakuna kitu kimeanguka, inaweka kijani. Yaani testi imepita mbele hata haijaangalia kitu. Jasmine yenyewe ni ya kweli, inaandika pembeni kama testi hiyo haina matarajio yoyote. Lakini mtu mwenye anaangalia rangi tu hataisoma.

Dawa yake iko: Jasmine inakupatia fonksio inaitwa done. Ukiiomba mu testi, Jasmine inangojea mpaka wewe mwenyewe useme "nimemaliza". Unamutuma mtu, akirudi unasema done, kiisha njo unaangalia ekrani. Mu ile kode ya Udacity kuna jambo zuri hapa: loadFeed inakujulisha mtu amerudi hata kama amerudi mkono mtupu, juu tovuti haikujibu. Kwa hiyo testi haibaki inangojea bure. Inaendelea, inahesabu habari, inakuta sifuri, inaanguka. Nyekundu ya kweli. Hiyo njo tunataka.

Na ile ya tano, ya kuona kama habari zinabadilika ukichagua mlisho mwingine? Wengi wanaifanya hivi: wanachukua chenye kiko ku ekrani sasa hivi, wanavuta mlisho mmoja, wanachukua tena, wanalinganisha. Viko tofauti, kijani! Lakini mara ya kwanza ekrani ilikuwa tupu. Ulilinganisha utupu na habari. Ni lazima vitofautiane. Hata programu yenye inaleta mlisho ule ule kila mara, hata ufinye nini, ingepita. Namna ya haki ni kuvuta mlisho wa kwanza mpaka mwisho, kuweka chenye umeona, kuvuta wa pili mpaka mwisho, kuweka, kiisha kulinganisha. Mu agronomia hatulinganishe shamba la mahindi na barabara. Tunalinganisha shamba na shamba.

Neno moja juu ya mpangilio, haraka. Testi ya menyu inafungua menyu. Kama haikuifunga, testi yenye inafuata inaikuta wazi, na inaweza kuanguka ao kupita juu ya kosa la mwenzake. Ni sawa na mbolea ya msimu wa kwanza yenye ilibaki mu udongo, inakuharibia hesabu ya msimu wa pili. Ronald Fisher, mwenye tulimuona mu kozi ya biometria, alifanya kazi ku Rothamsted, Uingereza, tangu 1919, na mu kitabu chake cha 1935 juu ya kupanga majaribio alikazia kama parseli zipangwe kwa bahati, ndani ya kila bloko. Jasmine, tangu toleo la 3, inafanya testi kwa mpangilio wa bahati bila hata kuiomba. Fisher angefurahi, naamini. Testi zenye zinategemeana zinajulikana haraka.

Sasa tuje ku mambo ya kwetu, juu yenye waliandika ile zoezi walikuwa na intaneti ya California.

Jasmine inangojea testi moja sekunde 5. Zikipita, inaitangaza imeanguka. Bukavu, saa moja ya usiku, wakati mtaa mzima uko ku koneksio, sekunde 5 hazitoshi mara nyingi. Testi inakuwa nyekundu na programu haina kosa. Kesho asubuhi saa kumi na moja ni kijani. Baada ya wiki moja ya vile, mtu anazoea nyekundu: "oh, ni koneksio tu". Siku nyekundu ya kweli itakuja, ataiita koneksio vile vile. Testi yenye watu wamezoea kutoisikiliza ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Tena kila mara unafanya testi unakula mega, na anayejifunza anafanya testi mara makumi tano kwa siku.

Kwa hiyo ninagawa kazi mara mbili, sawa vile tunagawaka serre na shamba. Mu serre unatawala kila kitu: maji, joto, udongo. Kwa testi, serre ni faili za mlisho zenye nimeweka mu kompyuta yangu, na Jasmine inasaidia kudanganya programu: iko na kitu inaitaka jasusi. Unamuweka jasusi pahali pa ile fonksio yenye inatoka ku intaneti. Programu inafikiri imetuma mtu sokoni, kumbe jasusi amemupatia mfuko wenye wewe ulitayarisha. Hakuna mega, hakuna kungojea, na jibu ni moja kila siku.

Na uzuri wa serre ni kama unaweza kuleta ugonjwa kwa kusudi. Ninayo faili ya mlisho mzuri. Ninayo ya mlisho wenye hauna habari hata moja. Ninayo yenye imekatika katikati, sawa vile koneksio ikifa. Ninayo yenye ile "é" ya Université imegeuka "Ã©", juu tovuti iliandika maneno mu namna moja na programu inayasoma mu namna ingine. Kwa nchi yenye matangazo yake mengi ni ya Kifaransa, hiyo si mapambo. Na ninayo ya saa. RSS inaandika tarehe hivi: Mon, 03 Mar 2025 23:30:00 +0100. Hiyo ni saa ya Kinshasa. Bukavu na Lubumbashi tuko saa moja mbele, kwa hiyo kwetu ni tarehe 4 imeisha kuingia, saa sita na nusu ya usiku. Programu yenye haiangalii ile +0100 itakudanganya siku nzima juu ya tarehe ya mwisho ya dosye. Testi yake ni mistari mitano.

Turudie ile bursi. Chukua testi zote za zoezi la Udacity, ziandike vizuri, bila kijani ya uongo hata moja, uziweke ku kile kisomaji cha kikundi chetu mu zile wiki tatu. Orodha iko, haiko tupu. Kila mlisho uko na adresi na jina. Adresi ni ya zamani, lakini iko. Menyu inafunguka na kufungwa. Ku ekrani kuna habari angalau moja, zile za zamani. Ukichagua mlisho mwingine, habari zinabadilika. Zote kijani, tena kijani ya haki. Na yule dada angekosa bursi vile vile.

Hapo si kosa la Jasmine wala la Udacity. Zoezi linafundisha kuandika, na linafundisha vizuri. Lakini testi inajibu swali lenye uliiuliza tu. Hakuna mtu aliuliza: "Kama mlisho umekufa, mtu mwenye anasoma atajua?" Mu TFC zetu ilikuwa vile vile, unapima urefu wa mmea kila wiki kwa sentimita na kumi ya sentimita, na mkulima mwenyewe alitaka kujua kilo ngapi atapeleka sokoni.

Swali hilo lenyewe linaandikika. Jasusi anajibu sawa vile tovuti inajibu ikikosa ukurasa, na ile namba 404 yenye wote munajua. Ninatarajia ku ekrani, juu ya vichwa vya zamani, kutokee maneno yenye yanasema mlisho huu haujibu tangu tarehe fulani. Mara ya kwanza niliifanya ku kile kisomaji, ilikuwa nyekundu. Vizuri! Programu haikuwa na maneno hayo popote. Kiisha tukaandika kode ya onyo, ikawa kijani, na ile kijani ninaiamini juu nimeiona nyekundu kwa macho.

Lakini tovuti zingine hazijibu 404. Zinajibu "niko vizuri" na kukutumia ukurasa wa kawaida wenye kuandikwa "tumehama". Jasusi mwingine, na ukurasa wa kawaida mu mfuko pahali pa mlisho: ninatarajia onyo lile lile. Na kuna tovuti yenye inajibu vizuri, mlisho wake ni mlisho kabisa, lakini hakuna mtu anaandika kitu ndani tangu miezi. Hapo Jasmine inakuruhusu kudanganya hata saa: unaiambia programu leo ni tarehe hii, mlisho uko na habari ya mwisho ya siku 60 mbele, na unaangalia kama onyo linatokea. Haupashwe kungojea siku 60.

Shamba nalo libaki. Mara moja kwa siku, asubuhi mapema wakati koneksio ni nyepesi, kuna testi kidogo zenye zinatoka kabisa kwenda ku adresi za kweli, na sekunde 30 badala ya 5. Hizo zikianguka, mtu wa kwanza mwenye ameamka anafungua adresi kwa mkono aone ni nini. Ile programu ya Udacity yenyewe ilikuwa inapita mu huduma moja ya Google mu mwanzo. Google ikafunga ile huduma, wakalazimika kuihamisha. Adresi za wengine zinakufaka bila kukuaga.

Kwa mwenye anataka kujaribu bila kumaliza forfe: Jasmine iko na toleo lenye linajitegemea, faili moja ya zip. Unaivuta mara moja tu. Ndani kuna ukurasa unaitwa SpecRunner.html, unaufungua mu navigateri bila intaneti, na uko na mifano mu folda yake. Kompyuta ya zamani inatosha. Anza na orodha tu, uiondoe yote, uone nyekundu.

Kitu chenye kilitupatia kazi mu kikundi ni siku ngapi za kungojea mbele ya onyo. Wengine walitaka namba moja kwa milisho yote. Mimi nilikataa: mlisho wa habari za redio ukinyamaza siku 2 ni ugonjwa, gazeti la sayansi lenye linatoka mara ine kwa mwaka likinyamaza miezi miwili ni uzima. Basi tuliangalia tarehe za nyuma za kila mlisho, tukatafuta kimya kirefu kuliko vyote chenye uliisha kupita nacho, tukaongeza nusu yake. Kwa ile tovuti ya bursi, adresi yake mpya, ilitoka siku 21. Mlisho mmoja wa kilimo umeonyesha onyo tangu Jumatatu, na tungali tunatafuta kama wamehama ao wamefunga.